Sakafu Nyekundu ya Mama Mkwe

Niliolewa Kirua Vunjo mwanzoni mwa miaka ya tisini, kwenye nyumba ya mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akiwa hai. Mama mkwe wangu alikuwa amefariki mwaka mmoja na miezi michache kabla ya harusi yetu. Kaburi lake lilikuwa nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, hatua kama ishirini kutoka dirisha la chumba tulicholala. Mume wangu ndiye kitinda mimba, na kwa desturi ya kule kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Kwa hiyo nilipokabidhiwa mume nilikabidhiwa na nyumba, na kihamba chake, shamba la ukoo la kahawa na migomba, na baba mkwe asiye na maneno mengi. Na marehemu pia, ingawa hilo hakuna aliyenitamkia.

Mimi ni mtu wa tambarare. Wazazi wangu walishuka Chekereni kulima mpunga nikiwa mdogo, na nyumba yetu ilikuwa nyumba ya watu wanaotoka mashambani wamechoka. Magunia yalikaa sebuleni msimu wa mavuno, baiskeli ya baba ililala ukutani mle mle ndani, na kuku walipita mlango mmoja wakatokea mwingine. Mama yangu alifagia alipokumbuka. Sikujua kwamba kuna nyumba inayoweza kumtazama mtu.

Ile ya Kirua ilinitazama tangu siku ya kwanza. Sakafu ya sebule ilikuwa ya saruji nyekundu, imepakwa nta na kusuguliwa miaka mingi mpaka ukiinama unaona kivuli cha uso wako. Kila kiti kilikuwa na kitambaa chake cha kufuma, cheupe, kimepigwa pasi. Kwenye kabati la vioo kulikuwa na vikombe vya chai vyenye maua ya buluu, vishikio vyote vimeelekezwa upande mmoja. Nje, ua ulikuwa umefagiwa kwa mistari sawasawa, kama kitambaa chenye milia. Hata kuni zilipangwa ukutani kwa urefu, mbali kabisa na jiko la nje. Hakuna kijiti hata kimoja kilicholala chini.

Jioni ya kwanza niliosha vyombo nikavirudisha. Baba mkwe alikuja akasimama nyuma yangu, akanyoosha mkono akahamisha bakuli moja.

"Mama alikuwa analiweka kushoto," alisema kwa upole, akatoka.

Hakuwa mkali. Angekuwa mkali ningejua la kufanya. Lakini alikuwa mzee anayemtafuta mke wake kwenye nafasi ya bakuli, na mimi ningesema nini? Nikajifunza. Bakuli kushoto. Chupa ya chai juu ya kitambaa cha duara, si cha pembe. Fagia kuanzia mlangoni kuelekea kaburini, maliza pale penye masale machache, ile mimea ya majani membamba marefu, yaliyoota peke yake karibu na mgomba wa kona, zunguka hayo masale kwa mkono bila kuyagusa na ufagio. Nilipouliza kwa nini, baba mkwe alisema, "Ndivyo alivyofanya."

Mume wangu alifanya kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi la Mhindi mmoja mjini Moshi. Alipanga chumba huko na kupanda nyumbani Jumamosi. Zilikuwa zile siku ambazo bidhaa zilianza kufurika, kila mtu ana rafiki anayekwenda mpakani Tarakea kuleta sabuni na mafuta ya Kenya, na wanawake wenzangu pale kijijini walikuwa wananunua mazulia ya plastiki na mapazia mapya. Wakati huo huo kahawa ilikuwa haithaminiki tena, na baadhi ya majirani walikuwa wanaing'oa na kupanda nyanya. Kila kitu kilikuwa kinabadilika isipokuwa nyumba yetu. Mume wangu alipokuja, nilimwambia ninataka kutoa vile vitambaa, angalau viwili.

"Subiri," alisema. "Baba bado."

"Na wewe?"

"Mimi nilivua viatu mlangoni miaka yote ya utoto wangu. Sijui nyumba nyingine."

Mwaka wa pili ndipo nilipoanza kumsikia marehemu. Huwa nasita kuieleza habari hii, kwa sababu mimi ni Mkatoliki na si mtu wa mambo hayo. Ilikuwa alfajiri, mwanga umeanza tu kuingia, mlima ukiwa bado ndani ya mawingu. Nilisikia ufagio uani. Sauti ya vijiti kwenye udongo, taratibu, bila haraka, fagio na kituo, fagio na kituo. Nikadhani baba mkwe ameamka mapema. Nikavaa kanga nikatoka. Ua ulikuwa mtupu, majani makavu ya mgomba yametapakaa kama upepo ulivyoyaacha, na ufagio umeegemea ukuta pale pale nilipouacha jana. Baba mkwe alikuwa anakoroma chumbani kwake.

Sikumwambia mtu. Nilichukua ufagio nikafagia. Tangu siku hiyo nikawa naamka kabla ya ile sauti, niiwahi, na siku nyingine ilinitangulia. Nilikuwa na mimba wakati huo. Nilisugua ile sakafu nyekundu kwa magoti nikiwa na miezi minane, si kwa sababu kuna aliyenituma. Niliona kwamba nikiacha kidogo tu, yeye ataingia ndani kuimalizia.

Binti yetu alizaliwa na nyumba haikulegea. Nadhani hapo ndipo nilipokosea zaidi. Mtoto alipoanza kutembea, na kushika, na kumwaga, nilikosa nguvu ya kumfuata kila hatua, nikatafuta msaidizi. Nikamtumia bibi yake. "Bibi hapendi uchafu," nilimwambia. "Bibi anaona." Nilisema hivyo nikikanda unga, nikikamua ng'ombe, nikiwa hata sijageuka kumtazama. Ilifanya kazi vizuri mno. Akiwa na miaka minne alikuwa mtoto ambaye wageni walimsifu. Alikaa kwenye kiti bila kukunja kitambaa. Alikula bila kudondosha. Alicheza peke yake nje, kimya, na akimaliza alirudisha hata mawe aliyochezea mahali alipoyaokota.

Nilijivunia. Lazima niseme hivyo, maana ni kweli.

Kisha ikaja Desemba moja, wiki moja kabla ya Krismasi. Wanaolijua eneo letu wanajua Krismasi ni nini kule: kila aliyetoka anarudi, Dar, Arusha, Nairobi, nyumba zote zinajaa. Wa kwanza kufika kila mwaka alikuwa wifi yangu, mtoto wa kwanza wa nyumba ile, mwalimu huko Arusha. Alikuwa amenizidi kwa miaka mingi, na nilimwogopa. Kila alipokuja alipita vyumbani bila kusema neno, akapitisha kidole juu ya kabati, akakitazama. Halafu alikwenda kukaa kwenye benchi la nje na kukaa huko huko. Kwenye jiko la nje hakuingia hata mara moja. Nilimpelekea chakula kama mgeni, na nilijua, au nilidhani ninajua, kwamba ananidharau.

Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi na njia yote ilikuwa tope. Nilikuwa nimesugua sakafu mara mbili. Nikaingia sebuleni kutoka chumbani nikamkuta binti yangu ameinama, anatembea kinyumenyume, anafuta sakafu kwa pindo la gauni lake. Alikuwa ameingia na miguu ya tope. Alama za vidole vyake vidogo zilitoka mlangoni mpaka katikati ya chumba, na yeye alikuwa anazifuta moja moja, akirudi nyuma kuelekea mlangoni. Lakini kila aliporudi nyuma aliacha nyingine, akazifuta hizo, akaacha nyingine.

"Unafanya nini?" nilimwuliza.

"Nafuta miguu yangu."

"Gauni lako litachafuka, mama. Njoo nikuoshe."

Hakuinua kichwa. "Bibi asione kwamba nilipita hapa," alisema.

Hakulia. Alisema kama mtu mzima anayeeleza kazi. Nilitaka kwenda kumbeba. Ndipo nikaona mlango umezibwa. Wifi yangu alikuwa amefika, amesimama na begi lake, viatu vyake vimejaa tope. Alikuwa anamtazama mtoto. Nikangoja aniambie neno kuhusu sakafu.

Begi lilimtoka mkononi. Akaingia na viatu vyake, akakanyaga ile sakafu nyekundu kama mtu asiyeiona, akapiga magoti akamshika mtoto mabega.

"Acha," alimwambia. "Acha kufuta. Nani amekwambia ufute?"

Mtoto alinitazama mimi. Wifi naye akanitazama.

"Ni mimi," nilisema. "Shikamoo, wifi. Ni mimi niliyemtisha."

Hakuitikia salamu. Alimkumbatia mtoto, tope juu ya tope, akaanza kutetemeka. Nikadhani ana homa. Nilimshika mkono nikampeleka nje kwenye benchi lake chini ya upenu, mtoto akaja akakaa kati yetu, na wifi akaniomba nimpeleke mtoto kwa jirani kidogo. Nilipompeleka na kurudi, alikuwa ameshafuta uso.

"Yale masale ya kona," alisema, "huyaulizi ni ya nini?"

"Niliambiwa niyazunguke tu."

"Ni kaburi. Nilikuwa na mdogo wangu kabla ya mumeo. Alikuwa na miaka miwili, mimi nane." Alinyoosha kidole kuelekea jiko la nje bila kuligeukia. "Mama alikuwa anapika mtori wa ndizi, sufuria kubwa, kulikuwa na watu wa kupalilia. Alinituma kuni. Nilizileta nikazimwaga mlangoni, nikakimbia kwenda kucheza. Mama hakuziokota. Alikuwa hivyo siku zile, mama yetu. Alicheka sana. Vitu vilikaa popote, tukavikwepa. Mtoto akaingia anakimbia kumfuata, akajikwaa kwenye zile kuni, mbele ya ile sufuria."

Hakumalizia, na sikumtaka amalizie.

"Aliishi siku tatu," alisema baadaye. "Tangu tulipomzika, mama hakuacha tena kitu chini. Alianza kufagia asubuhi ile ile. Hakunisema, wifi. Maisha yake yote hakuniambia neno moja kuhusu zile kuni. Afadhali angenipiga. Alifagia tu. Nikaanza kujifuta na mimi, hivyo hivyo alivyokuwa anafanya huyu mtoto. Nilitaka nyumba isijue kwamba nimo."

"Na kile kidole?" niliuliza. Sijui kwa nini niliuliza hilo, kati ya yote. "Unapopitisha kidole kabatini?"

Alinitazama kwa mshangao. "Kila mwaka naomba nikute vumbi," alisema. "Nikute imekwisha. Nakuja nakuta bado."

Nilikaa pale nikiwa nimeshika mikono yangu iliyobabuka kwa nta. Miaka sita nilikuwa nimehangaika kufikia kipimo cha mwanamke hodari, mama wa nyumba asiye na dosari, na kumbe nilikuwa naendeleza matanga. Nilichokiita usafi kilikuwa kilio cha mama mkwe. Nilikirithi pamoja na vikombe, na nilikuwa nimeshaanza kumrithisha mwanangu.

Tulikwenda kwenye kona kwanza. Wifi alisimama mbele ya masale muda mrefu. Majani makavu yalikuwa yameanguka juu yake kwa ile mvua na mimi, kwa mazoea, niliinama kuyaondoa. Akanizuia mkono. Tukayaacha.

Kisha akasema ana njaa. Nilimwambia kuna ndizi, nitamletea hapo alipo.

"Nitamenya na wewe," alisema.

Mlango wa jiko la nje ni mfupi, lazima uiname. Aliinama akasita hapo, nusu ndani na nusu nje, mkono kwenye mwimo. Nilimsikia anapumua. Sikumvuta wala sikumhimiza. Niliketi kwenye kigoda nikaanza kumenya, nikaacha maganda yaanguke chini, na baadaye kidogo akaja akaketi upande wa pili wa mafiga. Tulimenya chane tatu. Maganda yalifunika sakafu mpaka kwenye vifundo vya miguu yetu. Mtoto alirudi akayaona, akasimama kama aliyekuta nyoka, akanitazama usoni kutafuta hasira. Nilimpa ndizi na kisu butu cha mbao. "Menya," nilimwambia, "tupa popote."

Baba mkwe alitukuta hivyo. Alitoka kukata majani ya ng'ombe, akainama mlangoni, akatazama maganda, mjukuu, na binti yake aliyekaa mahali ambapo hakuwa amekaa kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilingoja amtaje mama. Wifi alisema "Shikamoo, baba."

"Marahaba," alisema mzee. Macho yake yalishuka kwenye kipande kimoja cha kuni nilichokuwa nimekiacha njiani kati ya mlango na moto. Akakiokota, akakipeleka ukutani, akakilaza pamoja na vingine.

"Kuni ziwe mbali na moto," alisema. "Hayo mengine acheni."

Akatoka. Ndiyo maneno pekee niliyowahi kusikia kutoka kwake kuhusu jambo lile.

Mume wangu alipopanda Jumamosi nilimweleza. Hakuwa akijua chochote. Alizaliwa miaka mitatu baadaye, na kijiji kizima kilikuwa kimekubaliana kunyamaza. Alikaa ukingoni mwa kitanda amevaa viatu vyake vya mjini.

"Mama hakuwahi kuniruhusu kuingia jikoni," alisema. "Hata mara moja. Nilidhani hanipendi."

Krismasi ile watu walijaa mpaka wengine walilala chini. Mvua haikukatika. Sebule ilikanyagwa na viatu vya watu ishirini na zaidi, vikombe vya maua ya buluu vilitoka kabatini kwa sababu vya kawaida havikutosha, mbege, pombe yetu ya ndizi, ilimwagika kwenye kitambaa cha kiti na mtu akaukalia huo unyevu bila kujua. Kiburu changu, ndizi zilizopondwa na maharage, kilikuwa kigumu, maana maharage hayakuiva vizuri, watu wakakila wakaniambia ni cha watu wa tambarare, wakacheka, na mimi nikacheka. Nilikuwa nimesimama na sahani chafu mikononi, katikati ya chumba ambacho kingeniua kwa aibu wiki mbili kabla, na nikagundua kwamba nina furaha. Niliipenda ile nyumba. Ilikuwa mara ya kwanza. Niliipenda kama ninavyoipenda ya mama yangu, kwa sababu ilikuwa na watu.

Sitaki kusema kwamba mambo yalikwisha hapo. Ile sauti ya ufagio iliendelea kuja, si kila siku, lakini ilikuja. Tofauti ni kwamba niliacha kushindana nayo. Nililala nikaisikiliza. Asubuhi moja nilisimama dirishani nikasema, bila kupaza sauti, kwamba mjukuu wake hajambo, na binti yake mkubwa amekuja na ameingia jikoni, na kwamba apumzike. Nilijiona mjinga. Sijui kama alinisikia. Misa niliyoomba isomwe kwa ajili ya yule mtoto aliyelala chini ya masale ilisomwa Januari, na baba mkwe alikwenda amevaa koti lake la harusi zetu zote.

Binti yangu ndiye aliyechukua muda. Kufundisha hofu ni kazi ya miezi, kuiondoa ni kazi ya miaka. Nilimkuta mara nyingine akifuta kitu kisichokuwepo. Sikumkemea wala sikumwambia "bibi hayupo", maana ingekuwa uongo mwingine. Nilichofanya ni kuchafua pamoja naye. Tulikanda tope, tukapika vyakula vya udongo kwenye ngazi, tukavisahau hapo mpaka kesho. Sakafu niliendelea kuipaka nta, mara mbili kwa mwaka, kwa sababu napenda harufu yake na napenda inavyong'aa jua likiingia mchana. Katikati ya hizo mara mbili ilijaa mikwaruzo ya baiskeli ya magurudumu matatu ambayo mume wangu aliileta kutoka mjini.

Alipofika miaka tisa aliniomba apike peke yake. Wifi alikuwa amekuja likizo, nasi wawili tulikuwa kwenye benchi tukichambua maharage. Nilisema ndiyo kabla woga haujanizuia. Aliingia jikoni, akainama, na mara tukasikia sufuria, kata, kikohozi cha moshi, na yeye mwenyewe akiimba wimbo wa shuleni ambao hakuujua vizuri. Wifi aliacha kuchambua. Mimi pia. Hatukutazamana. Kwa nusu saa nzima masikio yetu yote manne yalikuwa kwenye miguu yake mle ndani, kila hatua, kila alipogeuka.

Alitoka na sufuria ya wali ulioungua chini na kurojeka juu, ameishika kwa kitambaa, majivu puani.

"Umeungua kidogo," alisema.

"Leta," alisema shangazi yake, akasogeza maharage pembeni, na tukala kwa mikono hapo hapo nje, tukianzia kwenye ukoko.